Siku Sharubu Aliponyoa

Jumatatu jioni Sharubu alirudi nyumbani akiwa hana sharubu. Mkewe alikuwa barazani kwenye cherehani yake, anashona kola za sare za shule, pini nne zimebanwa mdomoni. Aliinua macho akaona mwanamume anaingia getini na mfuko wa mumewe begani. Alitaka kumuuliza anamtafuta nani, ndipo akamtambua kwa mwendo. Akatema pini kiganjani.

"Umefanya nini?"

"Nimenyoa."

"Naona umenyoa. Nakuuliza umefanya nini."

"Ni kazi tu, mama watoto. Maski inavuja."

Akapita ukutani ukutani, uso kaugeuzia upande wa pili, akaenda moja kwa moja bafuni na kufunga komeo. Komeo! Nyumba ya vyumba viwili, watoto wote wameshaondoka, wamebaki mtu na mkewe, halafu mtu anafunga komeo. Mkewe alibaki kaishika kola isiyo na shati, akiutazama ule mlango kana kwamba nao una la kujieleza.

Mumewe alikuwa mpiga mbizi bandarini. Alishuka chini ya meli zilizotia nanga, akakwangua kombe na majani yaliyoganda kwenye tumbo la chuma, akalipwa kwa kila meli aliyoimaliza. Asiposhuka, halipwi. Maski yenyewe mkewe aliijua vizuri, maana ilikuwa ikining'inia msumarini jikoni siku za mapumziko: kioo kipana cha kufunika macho na pua, kimezungukwa na ukingo laini wa mpira unaong'ang'ania ngozi ili maji yasipenye. Nywele zikikaa chini ya ule ukingo, maji hupata njia. Hilo halikuwa siri. Ndiyo maana kila Jumapili Sharubu alikuwa akinyoa kijia chembamba chini ya pua, upana wa kijiti cha kiberiti, ukingo ukapata mahali pa kukaa, na sharubu zilizobaki zikaendelea kutamba hadi mashavuni. Miaka ishirini na miwili kijia hicho kilitosha. Miaka ishirini na miwili maski haikuvuja. Leo ndiyo imejifunza kuvuja?

Mwanamke yule hakuwa mjinga, wala hakuwa na haraka. Alichomeka pini moja moja kwenye mto wake wa pini, akaanza kuhesabu dalili.

Maana dalili zilianza kabla ya wembe, kama wiki mbili nyuma. Kwanza ilikuwa leso. Mwanamume aliyefuta jasho kwa mkono wa shati tangu amuoe, ghafla ana leso nyeupe mfukoni, imekunjwa mara nne, na haachi kujifuta mdomo. Siku moja aliiiba akainusa. Haikuwa na manukato yoyote, na hilo likamzidishia shaka, maana aliyeificha harufu ni mjanja. Halafu ukaja mkebe wa mafuta ya mgando ndani ya mfuko wa kazi, una alama za vidole vipya.

"Haya mafuta ya nani?"

"Yangu. Napaka sharubu, maski isivuje."

"Tangu lini wewe unajipaka mafuta?"

"Tangu inavuja, mama watoto. Tangu inavuja!"

Na kula. Sharubu alikuwa mtu wa kula mezani, anaongea chakula kikiwa mdomoni, anacheka mwenyewe kabla hajamaliza kisa. Sasa alibeba sahani yake chumbani, akala kaupa mlango mgongo, eti kachoka. Akikaa sebuleni, alichagua kiti cha dirishani, na kutoka hapo mkewe aliona shavu moja tu, la kulia, kama sura iliyoko kwenye sarafu. Mwanamume asiyetaka kumtazama mkewe usoni ana sababu. Ukimuuliza jambo anajibu kwa mkato, na maneno yenyewe yanamtoka kama ya mtu aliyekunywa. Akawa ananusa na pumzi yake pia. Pombe hakuna.

Sasa na sharubu zimekwenda.

*

Jumatano asubuhi mkewe aliamka akakuta kitanda upande wa pili kitupu. Mlango wa bafuni safari hii ulikuwa umesahauliwa wazi kidogo, upana wa kidole. Mkewe akanyata, akaweka jicho.

Sharubu alikuwa kasimama mbele ya kioo na fulana. Akavimbisha mashavu, akatoa pumzi. Akatabasamu, akaacha. Akatabasamu tena. Kisha akakusanya midomo, akaisogeza mbele, akaishika hivyo hivyo, kama mtu anayepiga mluzi usiotoka. Akatikisa kichwa, akarudia. Mara tatu, mara nne.

Mkewe alirudi kitandani taratibu, akajifunika shuka hadi shingoni. Mzee wa miaka arobaini na tisa anajifunza kubusu. Kicheko kilimpanda, kikageuka kuwa kitu kingine. Alilia kidogo. Alipomsikia anarudi alijifanya amelala, na akajichukia kwa kujifanya.

Mchana alikwenda kwa jirani yake mwenye saluni, kwa kisingizio cha kuazima sindano, yeye mwenye sindano za kutosha mtaa mzima. Mwenye saluni alikuwa anamsuka mteja, na mteja mwingine alikuwa kakaa chini ya kikaushio.

"Shoga, nasikia Sharubu kawa kipara cha mdomo," alisema mwenye saluni, hata salamu bado.

"Anasema maski inavuja."

"Maski!" Akavuta nywele za mteja hadi mteja akafumba macho. "Dada yangu, mwanamume hanyoi sharubu alizozifuga miaka yote hiyo kwa sababu ya maski. Kuna mtu kamwambia zinamchoma."

"Ni kazi yake. Huwezi kujua."

"Sawa. Wewe ulipomwambia zinakuchoma, alinyoa?"

Hakunyoa. Mwaka wa kwanza wa ndoa alimwambia, kwa utani nusu, na Sharubu akacheka akamwambia atazizoea. Alizizoea. Mwenye saluni aliona jibu usoni mwake, hakuhitaji kusikia. Kikaushio kikazimwa, ingawa mteja aliyekuwa chini yake alikuwa bado na maji kichwani. Alitaka kusikia vizuri. Hilo ndilo lililomuuma mshonaji kuliko yote. Kwamba kesho wanawake watakaokuja kuchukua sare za watoto wao watamtazama kwanza yeye, kisha nguo.

"Nenda kazini kwake," alisema mwenye saluni, sauti imeshuka. "Mpelekee chakula. Mke kumpelekea mumewe chakula si kosa. Fika tu, usimwambie."

*

Ijumaa alikwenda. Alipakia chakula kwenye chombo cha kutunza joto, akavaa gauni lake la kijani aliloshona mwenyewe na hajalivaa tangu harusi ya binti yao, akajitazama kwenye kioo kile kile alichokitumia mumewe kujifunzia.

Mlinzi wa geti la bandari alimpa daftari aandike shida iliyomleta. Aliandika: chakula cha mume. Mlinzi akasoma kwa sauti, akatazama gauni, akatazama chombo, akasema, "Mume ana bahati," kwa namna ambayo kila aliyekuwa kwenye foleni alicheka. Alipita kainamisha kichwa.

Kampuni ya kukwangua meli ilikuwa kontena moja lililotobolewa dirisha, mwisho kabisa wa gati. Nje palikuwa na mashine ya kusukuma hewa, mipira ya kupumulia imezungushwa kama nyoka aliyelala, na ndoo iliyopinduliwa ambayo juu yake alikaa mshika kamba. Huyu kazi yake ilikuwa kubaki juu na kushika ncha ya kamba aliyofungwa mpiga mbizi kiunoni. Kamba ikivutwa mara moja, yote salama. Ikivutwa mara nne, nitoe. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka kumi na moja, na mshonaji aliwahi kumsikia mumewe akisema kuna siku anamwamini yule kuliko anavyojiamini mwenyewe.

Mshika kamba alipomwona aliinuka haraka mno.

"Shemeji! Umefuata nini huku?"

"Nimemletea mwenzako chakula."

"Nipe, nitamfikishia." Akanyoosha mkono, na huku anasogea, anasogea, hadi akawa kamkingia njia. "Huku kuna mafuta, utachafua gauni."

"Yuko wapi?"

"Yuko kazini, shemeji. Yuko chini ya maji."

"Kamba yake mbona haimo mkononi mwako?"

Mshika kamba alitazama mikono yake mitupu. Mshonaji akampita ubavuni.

Nyuma ya kontena, kwenye benchi, mumewe alikuwa kakaa kifua wazi na suruali yake ya mpira. Mbele yake kainama mwanamke wa miaka thelathini hivi, kavaa kizibao cha rangi ya chungwa, nywele kazifunga nyuma. Mkono mmoja wa yule mwanamke ulikuwa umeshika kidevu cha Sharubu. Kidole gumba cha mkono wa pili kilikuwa kinapita polepole juu ya mdomo wake, pale pale palipokuwa na sharubu, kinakwenda upande mmoja, kinarudi.

"Basi ndiye huyu!" Mshonaji hakujua kama sauti ile ni yake. Wafanyakazi wa gati la pili waligeuka. "Ndiye huyu anayechomwa na sharubu! Wiki tatu unanificha uso, mimi niko pale nakushonea mashati, kumbe uso una mwenyewe huku! Endelea, dada. Mshike vizuri, usimwangushe!"

"Mama watoto, nyamaza," alisema Sharubu. Alikuwa amegeuza uso tena, kulekule.

Yule mwanamke aliinuka. Hakuonekana kuogopa, alionekana kuchoka. "Shikamoo mama," alisema. "Mimi ni mkaguzi wa usalama. Nimetumwa na wenye meli. Nakagua vifaa, na wanaovivaa." Akaonyesha ubao wake wenye karatasi, kalamu imening'inia kwa uzi.

"Na kifaa unachokikagua ni mdomo wa mume wangu?"

Huko gati la pili mtu alipiga makofi. Mkaguzi akaokota maski benchini, akamsogelea. "Naomba uivae."

"Niivae mimi?"

"Dakika moja tu. Usifunge mkanda. Iweke usoni, vuta pumzi kwa pua, kisha uachie mikono."

Kwa nini alikubali, hata yeye hakujua. Labda kwa sababu watu walikuwa wanatazama. Aliweka kile kioo usoni, akavuta pumzi. Mpira ulimnyonya mashavu na juu ya mdomo kwa nguvu iliyomshtua. Akaachia mikono. Maski ilibaki usoni pake pasipo kushikwa na mtu, na bandari yote mbele yake ikawa imefungwa ndani ya fremu nyeusi.

"Umeona?" alisema mkaguzi. "Ikishika hivyo, maji hayapiti. Haya mzee, zamu yako tena."

Sharubu alipokea maski, akaiweka, akavuta pumzi. Akaachia. Maski ikadondoka magotini.

"Ni mafuta," alisema Sharubu. "Nilipaka mafuta, yameufanya mpira uteleze."

"Na hayo mafuta ya mgando ndiyo yanayoharibu mpira, hupaswi kabisa kuyatumia. Lakini hii ni mpya, nimeitoa mfukoni mwangu sasa hivi. Wote hapa mmeniambia ni sharubu. Umenyoa. Nimekupapasa, hakuna hata kipele." Akaikunja karatasi yake. "Mzee, naomba utabasamu."

"Nitabasamu kwa lipi?"

"Tabasamu tu."

Sharubu akatazama maji, akamtazama mkewe, akatabasamu. Tabasamu lilikwenda kulia tu. Upande wa kushoto ulibaki palepale, mdomo umelala, na kwenye pembe yake tone dogo la mate likaanza kushuka. Mkono wake ukaenda mfukoni kutafuta leso.

Mshonaji alikuwa amekata na kuunga vitambaa tangu usichana. Kola ikishuka upande mmoja kwa upana wa uzi, aliiona akiwa mlangoni. Aliuona mdomo ule sasa, na shavu lililolegea, na ukope wa chini uliojiachia na kuonyesha wekundu ndani. Mdomo ulikuwa umeshuka upana wa kidole kizima. Chombo cha chakula kilimwelemea, akakiweka chini.

"Amekuwa hivi tangu lini?" aliuliza mkaguzi. Hakumuuliza Sharubu.

"Nimezaliwa hivi," alisema Sharubu haraka, na kwa mara ya kwanza mkewe alisikia jinsi herufi zilivyokuwa zinamponyoka. "Sharubu zilikuwa zinaficha. Muulize mke wangu. Mwambie, mama watoto."

Na alimtazama. Baada ya wiki tatu za shavu moja, alimtazama kwa uso mzima, na macho yale yalikuwa yanaomba. Pale kwenye maji ilikuwa imekaa meli iliyosubiri kukwanguliwa mchana ule. Nyuma yake kulikuwa na nyingine. Angesema ndiyo, Sharubu angefunga mkanda kwa nguvu, angeshuka, na Jumamosi wangekuwa na riziki yao kama kawaida. Angesema hapana, jina lake lingekatwa kwenye ile karatasi, na nani angelirudisha?

Moyoni mwake palikuwa na hofu, ya kweli, ya kumuona amelala chini ya meli na maji yanaingia mdomoni. Lakini palikuwa na jambo jingine pia, na hakuweza kujifichia hilo. Alikuwa amemtafuta katika uongo wiki tatu, na sasa alikuwa amemkamata ndani ya uongo mmoja, mkononi, mbele za watu. Lilikuwa na utamu wake. Aliuhisi utamu ule, ukamtisha.

"Hapana," alisema. "Hakuzaliwa hivyo. Sura ile naijua, haikuwa hivyo."

Sharubu alifumba macho. Moja lilifumba, jingine likabaki limeacha mstari mweupe.

"Juzi nimemvuta mara mbili," mshika kamba alisema nyuma yao, kwa sauti ya mtu anayetapika. "Hakuivuta kamba, nimemvuta mwenyewe kwa kuona inacheza ovyo. Alitoka maji yamemjaa mdomoni. Hawezi kuukaza ule mpira wa kupumulia kwa meno na midomo, shemeji. Akanikataza nisiseme. Nikasema sisemi, na siku zote hizi sijalala."

Mkaguzi aliandika. Aliandika muda mrefu kuliko ilivyohitajika, pengine ili asiinue kichwa.

*

Hospitali walikwenda wawili, hawasemeshani. Kwenye benchi la kusubiri, Sharubu alikaa upande wa kulia wa mkewe, shavu lililolegea likimwelekea; akataka kuhama, kisha akakumbuka kwamba hakuna tena cha kuficha.

"Umefurahi?" alisema hatimaye.

"Ungezama."

"Nakuuliza kama umefurahi. Umenitia aibu mbele ya gati zima kwa mwanamke ambaye hayupo, halafu ukanimalizia na kazi yangu. Ulikuwa unanikomoa."

"Nilikuwa naogopa, baba watoto."

"Uliogopa mara ngapi, na ulinikomoa mara ngapi?"

Alitaka kuapa, na mdomo ulikataa. Yeye aliyekuwa na shaka na kila kitu ndani ya nyumba ile, leso, mkebe, kioo, sasa alijitilia shaka mwenyewe, na hakuona mlango wa kuchungulia.

Daktari alikuwa mtu wa maneno machache. Alimwambia Sharubu akunje paji la uso, avimbishe mashavu, apige mluzi, akusanye midomo. Mashavu hayakukaa na hewa, mluzi haukutoka. Mshonaji alikuwa ameyaona mambo haya yote, Jumatano, kwa upana wa kidole.

"Mshipa wa fahamu wa uso umepooza," alisema daktari. "Si kiharusi, shukuruni. Kwa wengi hurudi. Wengine hubaki na kidogo. Kuzamia hapana, mpaka midomo ifunge yenyewe, na siwezi kukuambia ni lini. Ilianza lini?"

"Wiki tatu," alisema Sharubu. "Niliamka nikaona chai inanimwagika. Nikadhani upepo."

"Wiki tatu." Daktari aliweka kalamu chini. "Dawa za hili zinafanya kazi vizuri mtu akizianza siku tatu za kwanza. Sasa tutajaribu, lakini sehemu kubwa ya kazi tumeiachia bahati. Hakuna aliyeliona nyumbani? Maana hili halijifichi, hata kwa sharubu. Ni uso mzima." Akamgeukia mshonaji, si kwa ukali, kama anayeuliza njia. "Mama, mnaishi pamoja?"

"Tunaishi pamoja."

Daktari akaandika dawa, akawaelekeza dirisha la kuzichukulia, akaita mgonjwa mwingine. Kwenye ukumbi Sharubu alisimama chini ya taa, karatasi mkononi, uso wake wote ukiwa wazi. Hakuonekana na hasira tena. Alionekana anataka kweli kujua.

"Ulikuwa unanitazama," alisema. "Nilikuwa nakuona. Asubuhi, mezani, mlangoni, kila nikigeuka macho yako yako kwangu. Wiki tatu hakuna mtu aliyenitazama kama wewe." Akafuta pembe ya mdomo. "Mama watoto, ulikuwa unaona nini?"